Katoni Ukutani

Barabara ya Kumi na Tisa, Ngamiani:
duka langu lina mlango mmoja na madeni mengi.
Jumatatu, baada ya taarifa ya habari ya saa mbili,
nilishusha pakiti sitini na nne za sabuni ya unga,
nikazisukuma chini ya kitanda, mke wangu akinitazama
bila neno. Kisha nikachana katoni,
nikaandika kwa wino mzito, nikaitundika ukutani:

*Sabuni hii dukani, leo nimeshaifuta,*
*Wenye kuuza ni nani? Ndio wapigao vita,*
*Lijapo povu mwilini, si povu, damu hunata,*
*Msiniombe jamani, bora deni kunikuta.*

Siku ya kwanza watu walisoma wakacheka.
Mwalimu Kidungwe alihesabu mizani kwa vidole,
akakuta imetimia, akanunua kiberiti, akaenda zake.
Siku ya pili msambazaji alipiga simu:
"Semboja, ile kampuni haijui hata kwamba upo."

Kweli. Usiku nikajiuliza
mia tano ya mteja wangu itafika huko lini,
na ikifika, itakuwa risasi
au ujira wa mama anayefunga pakiti,
ambaye mwanawe naye kapelekwa mstari wa mbele
bila kuulizwa?

Siku ya tatu, chini ya wino wangu,
kwa kalamu ya risasi (tazama jina lenyewe),
nikakuta mwandiko wa Mwanamkasi, dobi wa gesti ya jirani:

*Nimesoma ukutani, Semboja, umenigota,*
*Mashuka yamo beseni, na mgongo wanikata,*
*Ya ghali nitie ndani, senti gani nitapata?*
*Simu yako mkononi, nayo haijui vita?*

Nilitafuta kina cha kumjibu.
Simu ilikuwa mkononi kweli.

Nikaanza kuutilia shaka mji wenyewe.
Baba alikata mkonge Kigombe miaka ishirini na mitatu.
Hakuna aliyemwambia kamba ile inakwenda kufunga nini,
mzigo wa nyasi
au mikono ya mtu.
Na yale makaburi ya vita vya Mjerumani,
vijana walioshushwa melini kupigania
ugomvi ambao hata kwao haukuwa wao.
Shuleni tulipenda sana ile habari ya nyuki,
wadudu wa Tanga waliotimua jeshi!
Tulipiga makofi.
Siku hizi naona nyuki hawakuwa upande wa mtu.
Risasi zilipita mzingani, wakatoka,
kila mmoja na mwiba wake mmoja.
Na nyuki akishauma, amekwisha.

Hapo ndipo hesabu yangu inapokwama.
Mimi nimeuma, na bado napata ugali.
Mwanamkasi akiuma mara moja tu,
nani atamlipia kodi ya chumba?

Jana nilimpelekea miche mitatu ya sabuni ya hapa hapa,
kwa bei niliyonunulia, hata nauli sikuweka.
Akaipokea, akainusa, akaiweka juu ya karo.
"Ahsante. Na mwezi ujao?"
Nikatazama mashuka yanavyochuruzika kwenye kamba.
Nikasema tutaona.
Akasema, "Hao wanaopigwa mabomu nao wanaambiwa tutaona."
Sikujua kama ananikanya au ananiunga mkono,
na yeye alishainama tena kwenye beseni.

Pakiti bado ziko chini ya kitanda.
Usiku chumba kizima kinanukia maua
nisiyoyajua jina, mke wangu anapiga chafya,
nami nalala macho, sijui nizirudishe, nizitupe,
au nizigawe bure, na nikizigawa
nitakuwa nimegoma au nimewatangazia biashara.

Katoni sijaishusha.
Chini ya ubeti wake nimeacha nafasi,
na kalamu ya risasi nimeifunga pale pale
kwa uzi wa mkonge.